Ngazi Yenye Vinundu

Kuuliza si ujinga. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa na makamasi, tumeijaza kwenye karatasi za mitihani, kisha tumeishi kana kwamba hatujawahi kuisikia. Maana yake haina fumbo: anayeuliza asichokijua hapungukiwi heshima bali huongeza maarifa, na anayeona haya kuuliza hubaki na ujinga wake, tena huulinda kama mali. Wapo wanaoulinda kwa kunyamaza, na wapo wanaoulinda kwa kutikisa kichwa wakaonekana wameelewa. Hajira binti Mwinyimadi aliulinda kwa njia zote mbili, nusura amfungie mama yake nje ya nyumba yake mwenyewe.

Hajira alikuwa mtunza masjala katika ofisi moja ya serikali mjini Kibaha. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnadhifu, mwenye kauli chache, na vijana wa ofisini walimwamkia kabla hajavuka kizingiti. Alijenga nyumba yake katika kata ya Mbwawa, na huko ndiko alikompeleka mama yake, Bi Mwanaamina, baada ya bibi huyo kuanguka na kuvunjika nyonga. Mfupa uliunga lakini miguu iligoma, ikabidi anunuliwe kiti cha magurudumu.

Bi Mwanaamina alikuwa na tabia moja iliyompatia jina. Hakuona kitu akakiacha kipite bila kukihoji, na maswali yake karibu yote yalianza na neno lile lile. Kwao Kibuta, wilayani Kisarawe, walimwita Mama Kwani. Hospitalini alimuuliza daktari, "Kwani hii dawa inajuaje kuwa ni nyonga ndiyo inayouma?" Mbwawa nako alimuuliza jirani, "Kwani mwenzetu, unafuga mbwa wawili huna hata kuku mmoja, wanalinda nini?" Hajira alikuwa akijifunika uso kwa ushungi, kwa kuwa mama yake aliuliza mbele za watu mambo ambayo wenye haya zao huyameza.

Mbwawa palikuwa pazuri, lakini moyo wa bibi ulikuwa Kibuta. Aliitaka nyumba yake, mikorosho yake, na mlango aliouzoea. Tatizo lilikuwa baraza. Marehemu mzee Mwinyimadi aliinua msingi wa nyumba ile ili maji ya masika yasiingie ndani, na baraza likawa juu, kimo cha kozi tano za tofali. Palikuwa na vidaraja vyembamba vya kupandia, ambavyo kiti cha magurudumu kisingeweza kuvipanda hata kwa dua.

Mjomba Hamidu, mdogo wake Bi Mwanaamina na msemaji wa ukoo, alilimaliza jambo hilo kwa sauti yake nzito. "Dada akiweza kuingia na kutoka mwenyewe, akaishi Kibuta na Zuleha jirani yake amwangalie. Asipoweza, nyumba tunaifunga, atakaa Mbwawa maisha. Hatuwezi kuwa na mtu wa kumbeba kila akitaka kuota jua."

"Kubebwa sitaki hata bure," akajibu bibi. "Anayebebwa ni bibi harusi na maiti. Ubibi harusi nimeshaupita, na umaiti sijaufikia."

Basi Hajira akakata shauri la kumjengea mama yake njia ya mteremko. Kazini hakupata ruhusa ya kwenda kukaa Kibuta kumwelekeza fundi, hivyo alitaka mchoro utakaomwonyesha fundi kila kitu. Wakati huohuo aliona tangazo la kituo kimoja cha kompyuta kule Maili Moja: njoo ujifunze kuchora maumbo kwa kompyuta, hata kama hujawahi kuishika. Akajiandikisha. Mafunzo yalikuwa ya kila Jumamosi, na pale kituoni kila Jumamosi iliitwa kozi: kozi ya kwanza, kozi ya pili, na kuendelea.

Mwalimu aliitwa Ambokile, kijana mtaratibu kutoka Mbeya. Siku ya kwanza Hajira alikitazama kile kishale kinachotembea kwenye kioo, akauliza kwa unyoofu, "Mwalimu, hiki kishale ndiyo mimi?"

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Kijana mmoja aliyekaa nyuma alicheka hadi akashika meza. Ambokile hakucheka. "Ndiyo, mama," alisema, "hicho ni kidole chako humo ndani." Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Hajira, ambaye ofisini hakuna aliyethubutu kumcheka, alijisikia amevuliwa ushungi hadharani. Tangu dakika ile akautia mdomo wake kufuli, na kila Ambokile alipouliza, "Tumeelewana?" yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

Hata hivyo mikono yake ilijifunza. Programu ile ilikuwa ya wanaoanza, rahisi na ya kuvutia. Unachukua sanduku, unalivuta, linakuwa chumba. Unachukua kabari, unaivuta hadi iwe ndefu na ya upole, inakuwa mteremko. Hajira alichora nyumba ya mama yake, akachora baraza, akaiegemeza kabari yake barazani. Aliizungusha nyumba akaitazama kwa juu, kwa chini na kwa nyuma, akashangaa kwamba kitu ambacho hakijakuwepo duniani kinaweza kutazamwa mgongoni.

Katika kozi ya nne, jicho lake lilinaswa na kitufe kidogo cha pembeni kilichochorwa tofali. Halikuwa tofali la kujengea, bali lile la plastiki la kuchezea watoto, lenye vinundu vya duara juu. Kidole kilimwasha. Akabonyeza.

Lo! Nyumba yote iligeuka. Kuta, paa, baraza na kabari vilikuwa sasa matofali madogo ya rangi yaliyopandana, vinundu vikimeta juu. Chini palikuwa na kitu cha kusogeza. Alipokivuta kushoto, matofali yaliondoka safu kwa safu kuanzia juu mpaka ikabaki sakafu tupu. Alipokivuta kulia, nyumba ikaota tena. Hajira aliijenga na kuibomoa, akaijenga na kuibomoa, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke akajiona anatabasamu peke yake.

Swali lilimpanda kooni: hiki kitufe ni cha nini hasa? Ambokile alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale. Hajira alifungua mdomo, akakikumbuka kile kicheko, akameza mate na swali pamoja. Badala ya kuuliza, akajijibu. Bila shaka, aliwaza, ule mchoro laini ni wa kutazama sisi wa ofisini, na huu wa matofali ndio wa kumpelekea fundi, maana fundi kazi yake ni tofali. Aliona kweli kwamba kabari yake imeota meno, lakini nalo akalitafutia jibu: ndivyo tofali zinavyopangwa kabla ya kupigwa lipu, fundi ataelewa mwenyewe. Akakipiga picha kioo kwa simu yake, akaituma Kibuta.

Fundi Latifu aliipokea picha ile akiwa ameegemea kiambaza cha duka. Aliigeuza simu huku na huku. Alichoambiwa kabla ya hapo ni kwamba Bi Mwanaamina anarudi na inatakiwa njia ya kumpandisha barazani. Hakuna aliyemwambia habari za kiti cha magurudumu, na yeye alijua tu kwamba bibi ameumia nyonga. Picha ilionyesha ngazi pana, kila moja ungeweza kuitandika mkeka ukalala, tena zimejaa vinundu. Alistaajabu. Ngazi nyingine ya nini wakati ipo? Na vinundu hivi?

Lakini Latifu naye alikuwa na heshima yake ya kulinda. Mchoro wa kompyuta, umetoka kwa dada wa ofisini. Akiuliza, si ataambiwa fundi mshamba, kazi wapewe mafundi wa mjini? Naye akajijibu: bibi atatembea na fimbo, anahitaji ngazi pana za kupumzikia, na vinundu ni vya kuzuia fimbo isiteleze. Akampigia Hajira, akachagua swali moja tu ambalo halikumwaibisha.

"Dada Hajira, hii ina kozi ngapi?"

Kwa fundi, kozi ni safu moja ya tofali ukutani. Hajira, ambaye ndiyo kwanza anatoka darasani, alisikia jingine. Alidhani fundi anautilia shaka ujuzi wake.

"Kozi nne," akajibu kwa ukali kidogo. "Usizione chache, fundi. Zinatosha kabisa."

Latifu akapiga hesabu. Baraza ni kozi tano. Ngazi ya kozi nne, hatua ya tano ni baraza lenyewe. Imekaa sawa. Jibu lilikuwa la makosa lakini lilifanana na ukweli, na hakuna kosa baya kama hilo. "Na hivi vya juu, dada?"

Hajira hakujua vya juu ni vya nini. "Fuata picha ilivyo, fundi," akasema, akakata simu haraka.

Latifu akaifuata. Ngazi alizijenga kwa moyo wote, zikatoka barazani zikaenda hadi karibu na mkorosho wa kwanza. Vinundu alivifyatua kwa saruji kwa kutumia kikombe cha kahawa, akavipanga mistari kwa kamba. Wanakijiji walikuja kutazama. Walitikisa vichwa wakasema, "Mambo ya kompyuta hayo." Hata Zuleha jirani, ambaye aliishi na Bi Mwanaamina miaka yote bila kuambukizwa tabia yake, alisifu tu akaenda zake. Hajira alipopiga simu kuulizia kazi, Latifu alimwambia imekwisha, aje ashuhudie kwa macho.

Siku ya safari walikodi gari, wakapitia Kiluvya, wakafika Kisarawe na kushika barabara ya Maneromango. Bi Mwanaamina alikaa mbele na kumsaili dereva njia nzima kama polisi. Mjomba Hamidu alikaa nyuma, ameukunja uso. Walipofika Kibuta watu walikuwa wamekusanyika, Latifu mbele yao amevaa shati lililopigwa pasi. Kiti kikashushwa, bibi akakalishwa, kikasukumwa hadi mbele ya nyumba.

Hajira aliinua macho. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hajira," alisema mjomba Hamidu polepole, "hii ndiyo njia ya kiti?"

Latifu alikitazama kiti, akazitazama ngazi zake, na lile tabasamu likamtoka usoni.

"Basi," akasema mjomba. "Tumejaribu. Tumbebe dada achukue vitu vyake, tufunge nyumba, turudi."

"Sibebwi," akasema Bi Mwanaamina. Aliutazama mlango wake, aliokuwa akiuota usiku na mchana, sasa uko karibu kiasi cha kuona kovu la kitasa. Machozi yalimlengalenga yakamwagika. Hakuna aliyewahi kumwona akilia, hata siku alipovunjika. Hajira alipiga magoti kando ya kiti akalia naye, maana aliona wazi kwamba aliyemzuia mama yake si baraza, ni yeye.

Bibi alijifuta kwa upindo wa kanga. Halafu, kama ilivyokuwa desturi yake, jicho likatua kwenye kitu.

"Kwani, Latifu, haya manundu ni ya nini?"

"Ya kuzuia fimbo isiteleze, bi mkubwa."

"Fimbo ya nani?"

"Yako."

"Kwani nani kakwambia nina fimbo?"

Latifu alijikuna shingo. "Hakuna. Nilidhania tu."

"Na hukuuliza?"

"Nilimuuliza dada Hajira ina kozi ngapi. Akasema nne."

Hajira aliinua kichwa. "Kozi nne za kompyuta, fundi! Nilidhani unaniuliza nimesoma kozi ngapi!"

"Mimi nauliza kozi za tofali, dada!"

Kicheko kilizuka uwanja mzima, hata mjomba Hamidu akageuka pembeni kuficha meno. Bi Mwanaamina peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha kumgeukia bintiye. "Na wewe, hiyo picha ya manundu uliitoa wapi?"

Kufuli la Hajira likafunguka. "Mama, kuna kitufe nilikibonyeza. Sijui ni cha nini. Niliona haya kuuliza."

"Kwani anayejua hana simu?"

Hajira alipiga moyo konde. Mbele ya watu wote, sauti ya simu ikiwa imefunguliwa, alimpigia Ambokile. "Mwalimu, samahani. Kile kitufe chenye picha ya tofali ni cha nini?"

"Ah, mama!" sauti ya Ambokile ikasikika. "Kile ni cha kufurahisha tu. Kinakuonyesha umbo lako lingekuwaje kama lingejengwa kwa matofali ya kuchezea. Sasa tofali lina pembe, haliwezi kulala mshazari, kwa hiyo mteremko wowote utauona kama ngazi. Mchoro wako wenyewe haujaguswa, upo vilevile. Mbona hukuniuliza Jumamosi?"

"Nikitaka mteremko wangu urudi?"

"Rahisi sana. Unabonyeza kitufe kilicho kando ya hicho cha tofali, ngazi zinapotea."

Latifu akaisogelea simu. "Mwalimu shikamoo, samahani. Na sisi wa huku Kibuta tunabonyeza wapi?"

Ambokile alicheka, Kibuta ikacheka, na katika kicheko hicho swali la bibi likapita kama sindano: "Kwani hayo meno hayazibiki?"

Latifu alizunguka ngazi zake, akachuchumaa, akachukua ufito mrefu na kuuegemeza toka ukingo wa baraza kwenda chini. Ulizigusa ngazi zote nne kwenye kingo zake, halafu ukashuka kwa upole hadi ardhini. "Yanazibika," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegundua jambo. "Yanazibika, bi mkubwa! Nikijaza zege kila ngazi mpaka ukingoni, na nikiongeza kipande huku chini, huo ni mteremko. Tena hivi vinundu vitalishika zege lisibanduke."

"Na zege linakauka leo?" akauliza mjomba Hamidu.

"Halikauki, mzee."

"Kwangu hakuna baraza," akadakia Zuleha. "Mlango uko sawa na uwanja. Atakaa kwangu mpaka likomae."

Mjomba alimgeukia dada yake. "Sawa. Ila shuruti ni ileile. Atapanda mwenyewe. Akishindwa, tunafunga."

Siku zilizofuata Latifu aligeuka mtu mwingine. Kila asubuhi alikuwa kwa Zuleha na maswali yake: magurudumu yana upana gani, mikono ina nguvu kiasi gani, ukichoka katikati unataka pa kupumzikia? Aliegemeza ubao kwenye tofali, bibi akaujaribu, fundi akapima. Huko Maili Moja nako Hajira aliuliza kila kilichomtatiza, na hakuna aliyecheka. Yule kijana wa nyuma ndiye aliyemgusa bega akanong'ona, "Mama, na mimi niulizie, hivi shimo la dirisha linatobolewaje? Mwenzio nimekwama tangu kozi ya pili."

Zege lilipokomaa, mjomba Hamidu akafika, akapanda kufungua kufuli la mlango, akashuka. Bi Mwanaamina alijifunga kanga vizuri, akaweka mikono kwenye magurudumu, akaanza kupanda. Alifika katikati, kiti kikasita. Hajira akapiga hatua mbele, na mjomba naye akanyoosha mkono.

"Nimeita mtu?" akauliza bibi bila kugeuka.

Walirudi nyuma. Alivuta pumzi kwenye kile kibaraza kidogo cha kupumzikia alichowekewa na Latifu, akashika tena magurudumu. Akapanda, akapanda, magurudumu ya mbele yakagusa baraza, ya nyuma yakafuata. Alinyoosha mkono akausukuma mlango wake, akaingia. Vigelegele vya Zuleha vilisikika hadi barabarani.

Mjomba Hamidu aliupanda mteremko ule polepole, akimfuata dada yake. Alitoa ufunguo wa nyumba mfukoni, akauweka mapajani mwa bibi, akarudi barazani akasimama, macho yamemlowa. Hajira alikuwa chini bado, analia bila kujificha kwa ushungi, na Latifu alikuwa kando yake. Wote wawili walikuwa na jibu kila mmoja kichwani mwake na majibu yote mawili yakajenga ukuta. Maswali ya mwanamke asiyeona haya ndiyo yaliyouangusha. Wallahi, kuuliza si ujinga.